Mwindaji na Glasi ya Mvinyo: Ruhusa Wanazojipa Wafuasi wa Mlo wa Zama za Mawe

Mlo wa Zama za Mawe, ambao katika maduka ya vitabu na kumbi za mazoezi za Marekani na Ulaya hujulikana kwa jina fupi la paleo, umejengwa juu ya dai moja linaloeleweka haraka: kwamba mwili wa binadamu uliundwa katika kipindi kirefu cha uwindaji na ukusanyaji, kilichoanza zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita na kufikia ukingoni kilimo kilipoanza yapata miaka 10,000 iliyopita, na kwamba muda uliopita tangu hapo ni mfupi mno kwa mwili huo kuzoea ngano, maharage, maziwa na sukari ya dukani. Kutokana na dai hilo hupatikana orodha ya makatazo. Anayefuata mlo huu hula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi na kokwa, na huacha nafaka zote, jamii nzima ya kunde, maziwa na mazao yake, sukari, mafuta ya mbegu yanayokamuliwa viwandani na karibu kila kitu kinachouzwa ndani ya pakiti. Ndugu yake wa karibu, mlo wa praimali, hufuata dai hilohilo lakini hulegeza kamba katika mambo machache, hasa maziwa yenye mafuta yake yote, jibini na maziwa ya mgando.

Orodha ni kali, ila ni vigumu kumpata mfuasi asiyekuwa na mlango wa uani. Mmoja huacha mkate mwaka mzima lakini hutia krimu katika kahawa yake kila asubuhi. Mwingine hajala maharage tangu aanze, lakini kabati lake halikosi chokoleti nyeusi. Wa tatu hula wali mweupe kila arudipo kutoka kunyanyua vyuma, na ana maelezo marefu ya kisayansi kuhusu sababu za kufanya hivyo. Ruhusa za namna hii huonekana kuwa jambo dogo la pembeni, udhaifu wa kibinadamu wa kusamehewa, ilhali zikichunguzwa zinaeleza mengi kuhusu mlo huu kuliko orodha yenyewe. Karibu zote hutetewa kwa lugha ya mababu wa kale, lakini chimbuko lake ni maisha ya leo: ladha, kazi, ndoa, wageni na bei ya vitu sokoni.

Wengi hudhani kwamba mlo huu ulianza ukiwa mkali na ukalegea kadiri ulivyoenea. Kumbukumbu zinaonyesha mwendo wa kinyume. Daktari Walter Voegtlin, bingwa wa magonjwa ya tumbo, alikwisha kuandika kitabu kuhusu mlo wa Zama za Mawe mwaka 1975, lakini wazo hilo lilipata uzito wa kitaaluma Januari 1985, wakati daktari S. Boyd Eaton na mwanaanthropolojia Melvin Konner wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walipochapisha katika jarida la New England Journal of Medicine makadirio yao ya virutubisho walivyopata wawindaji wa kale. Mwaka 1988, wakiwa na Marjorie Shostak, ambaye alikuwa ameishi miongoni mwa wawindaji wa jangwa la Kalahari, walitoa kitabu kwa ajili ya wasomaji wa kawaida kiitwacho The Paleolithic Prescription. Katika kitabu hicho hawakumtaka mtu aigize jiko la pangoni. Walichojali ni uwiano wa virutubisho, yaani kiasi cha protini, mafuta, nyuzinyuzi na madini, na kwa kuwa uwiano huo ungeweza kufikiwa kwa vyakula vya kawaida vya madukani, waliruhusu bila haya maziwa yaliyoondolewa mafuta, mkate wa ngano isiyokobolewa na wali wa mchele usiokobolewa. Kwa maneno mengine, vitu ambavyo mfuasi wa leo huvila kwa kujificha vilikuwa mezani tangu siku za mwanzo.

Ukali uliletwa na Loren Cordain, mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambaye kitabu chake cha mwaka 2002, The Paleo Diet, ndicho kilichofunga milango ya nafaka, kunde na maziwa kwa pamoja. Hata hivyo Cordain alijua anazungumza na watu wenye familia na waajiri, kwa hiyo kitabu hichohicho kilichokataza kiliweka pia utaratibu wa kukiuka. Aliwapanga wafuasi katika ngazi tatu: wa ngazi ya kwanza waliruhusiwa milo huru mitatu kwa juma, yaani milo ambayo mtu anaweza kula asivyopaswa kula, wa ngazi ya pili miwili, na wa ngazi ya tatu mmoja tu. Kwa mtu anayekula mara tatu kwa siku, milo mitatu kati ya 21 ni takriban asilimia 14, na ndiyo maana ngazi hiyo ya kwanza huelezwa kwa uwiano wa 85 kwa 15.

Mark Sisson, mwanariadha wa zamani wa mbio ndefu aliyeandika The Primal Blueprint mwaka 2009, alikuja na kanuni ya asilimia 80. Maana aliyoikusudia ni kwamba mtu alenge mia, na akijikuta ameishia themanini asijilaumu. Ni kanuni ya upole, lakini ni rahisi mno kuigeuza kuwa bajeti, yaani kuamini kwamba kila juma mtu ana asilimia 20 anayodai, na asipoitumia atakuwa amepunjwa. Tatizo la bajeti hiyo ni kwamba haina kipimo kinachokubalika na wote. Asilimia 20 ya milo 21 ni milo minne na ushei. Asilimia 20 ya siku saba ni siku moja na karibu nusu, ambayo kwa anayetaka ni Jumamosi nzima pamoja na mchana wa Jumapili. Na asilimia 20 ya kalori 2,000 za siku moja ni kalori 400, kiasi kinachotosha glasi mbili za mvinyo na vipande vichache vya jibini kila jioni bila juma kuonekana limeharibika. Watu watatu wanaweza kutumia kanuni hiyohiyo wakala vitu tofauti kabisa, na kila mmoja akawa mkweli.

Waliojaribu kuziba mianya hii ni Melissa na Dallas Hartwig, waanzilishi wa mpango wa Whole30 ulioanza mwaka 2009, ambao si paleo kwa jina lakini ni wa ukoo huohuo. Kwa siku 30 hakuna mlo huru wala asilimia. Anayeteleza siku ya 29 huanza tena siku ya kwanza. Tofauti na saumu ya Ramadhani, ambamo ruhusa ya msafiri na ya mgonjwa hutoka palepale ilipotoka amri na siku zilizoliwa hulipwa baadaye, katika mlo wa Zama za Mawe aliyefungwa na sheria ndiye huyohuyo anayetoa ruhusa na ndiye anayeamua kama kuna deni. Hartwig walijaribu kumnyang'anya mamlaka hayo. Lakini hata wao hawakuweza kuandika sheria isiyokuwa na ruhusa. Maziwa yamekatazwa isipokuwa samli, kwa kuwa siagi ikichemshwa hadi ikajitenga, chembe za protini na sukari ya maziwa huondolewa pamoja na povu na masimbi. Kunde zimekatazwa isipokuwa maharage machanga ya kijani yanayoliwa na ganda lake, kwa hoja kwamba hapo mtu anakula ganda kuliko punje. Sukari imekatazwa katika kila umbo, lakini chumvi ya mezani imeruhusiwa, japokuwa chumvi yenye madini ya joto kwa kawaida hutiwa chembe za deksitrosi, aina ya sukari, ili madini hayo yasipotee. Kinyume chake, kuna kinachokatazwa ingawa kila kilichomo ndani yake ni halali: chapati laini ya ndizi mbivu iliyopondwa na mayai mawili, ikikaangwa kwa samli, haina ngano wala sukari, lakini Whole30 huikataa kwa sababu inaendeleza tabia ya kutamani chapati za kimarekani za asubuhi. Viazi mviringo navyo vilikuwa marufuku kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2014 vikaruhusiwa, na aliyevila mwezi mmoja kabla akabaki mkosaji wa sheria isiyokuwepo tena.

Ruhusa inayotetewa kwa nguvu kuliko zote ni ya maziwa. Watu wengi duniani, wakishaachishwa ziwa, mwili wao hupunguza kutengeneza laktesi, kimeng'enya kinachovunja laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, na wanywapo maziwa mabichi tumbo huvimba na kuunguruma. Wengine wana mabadiliko ya jeni yanayofanya kimeng'enya hicho kiendelee kutengenezwa hadi uzeeni. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, na kuonyesha kwamba mabadiliko hayo yalitokea barani Afrika kivyake, mbali na yale ya Ulaya, na kwamba yalienea miongoni mwa wafugaji katika kipindi kisichozidi miaka 7,000 hivi. Mfuasi wa praimali huuchukua ugunduzi huo kama cheti cha ruhusa, na mara nyingi huwaongeza Wamasai, ambao tangu miaka ya 1960, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alipochunguza afya ya mioyo yao huko Tanganyika, wamekuwa mashahidi wanaoitwa kila panapokuwa na kesi ya mafuta ya wanyama. Hoja hiyo inabomoa zaidi ya inavyojenga. Ufugaji ni mgeni wa juzi kama kilimo, na ikiwa mwili uliweza kuzoea maziwa katika miaka elfu chache, basi msingi wa orodha nzima, yaani kwamba miaka 10,000 haitoshi, umeingia ufa. Mwanabiolojia Marlene Zuk alilijadili jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake Paleofantasy cha mwaka 2013. Anayetia krimu katika kahawa kwa sababu anaipenda yuko katika hali nyepesi zaidi kuliko anayeitia kwa sababu ya mageuko ya jeni.

Kuhusu kahawa yenyewe, mvinyo mwekundu na chokoleti, hakuna haja ya kupoteza muda kutafuta babu aliyevitumia. Kilimo cha mizabibu na usindikaji wa mvinyo vina ushahidi wa miaka 8,000 hivi huko Georgia ya milima ya Kaukazi. Kakao ni mti wa Amerika ya Kusini ambao hakuna mwindaji wa Afrika wala Ulaya aliyeujua. Na chokoleti ya kipande, ile ya kumenya karatasi na kuvunja, ni kitu cha viwanda vya Uingereza vya karne ya 19. Chokoleti iliyoandikwa asilimia 85, inayosifiwa kuwa chungu na safi, bado ina takriban gramu 15 za sukari katika kila gramu 100. Kinachofurahisha ni kwamba hata watafiti waliopima mlo huu hospitalini walijua watu wao. Mwaka 2009 nchini Sweden, Tommy Jönsson, Staffan Lindeberg na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 13 wa kisukari cha aina ya pili, ambao kwa miezi mitatu walikula mlo wa Zama za Mawe na kwa miezi mingine mitatu mlo wa kawaida wa kisukari. Mlo wa Zama za Mawe ndio uliopunguza zaidi uzito na sukari ya damu, na miongoni mwa masharti yake lilikuwamo sharti la kutozidisha glasi moja ya mvinyo kwa siku. Matokeo yanayonukuliwa na wafuasi wakali kama ushahidi yalipatikana, kwa hiyo, katika mlo uliokuwa na ruhusa ndani yake.

Wali mweupe una historia yake. Paul Jaminet, aliyesomea fizikia ya anga, na mkewe Shou-Ching Jaminet, mtafiti wa biolojia, walitetea katika kitabu chao Perfect Health Diet kile walichokiita wanga salama, yaani vyakula vya wanga ambavyo vikipikwa havibaki na sumu za mimea za kuogopwa: viazi, viazi vikuu, majimbi na mchele mweupe. Wafuasi wengine walipinga vikali, kwa kuwa mchele ni nafaka na nafaka ni nafaka. Hoja ya akina Jaminet ni kwamba asidi ya faiti na protini zinazoshukiwa kudhuru utumbo hukaa katika pumba, na mchele ukikobolewa huachana nazo. Kwa hiyo katika mlo unaosifu asili, nafaka iliyopata ruhusa ni ile iliyopitishwa mashineni zaidi kuliko nyingine. Msomaji wa Afrika Mashariki atakuta pia kwamba muhogo, kwa kuwa ni mzizi, haumo katika orodha ya makatazo ya wafuasi wengi, na unga wake umekuwa bidhaa ya gharama katika maduka ya vyakula vya afya ya Marekani; kwa sheria hiyo ugali wa muhogo ni halali na ugali wa mahindi ni haramu, ingawa muhogo na mahindi vyote vilianza kulimwa na wakulima wa Amerika na vyote vilivuka bahari kwa merikebu za Wareno.

Lakini ruhusa inayofichua mengi kuliko zote ni asali. Katika vitabu vya paleo asali huhesabiwa kuwa kitu cha kuvumiliwa: haijasindikwa, na mababu walikuwa nayo, lakini ni sukari, hivyo mtu atumie kidogo na kwa nadra. Sasa Wahadzabe, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ndio wanaotajwa pengine kuliko watu wote kila mlo huu unapotafuta mfano ulio hai. Idadi yao inazidi elfu moja kidogo, na ni mamia machache tu ambao bado wanapata sehemu kubwa ya chakula chao porini. Colette Berbesque na Frank Marlowe, aliyefanya utafiti miongoni mwao kwa miaka mingi, waliwataka wapange vyakula vitano kwa jinsi wanavyovipenda: asali, nyama, matunda madogo ya porini, ubuyu na mizizi. Asali ilishika nafasi ya kwanza kwa wanaume na kwa wanawake; nyama, nembo ya mlo wa Zama za Mawe, ilikuwa ya pili kwa wanaume, wakati wanawake waliweka matunda mbele yake; na mizizi ikawa ya mwisho.

Namna asali inavyopatikana huonyesha kwamba hapa si suala la kijiko. Ndege mdogo aitwaye mlembe hulia na kuruka kutoka tawi hadi tawi akimwongoza mtu hadi kwenye mzinga. Ikiwa mzinga uko juu ya mbuyu, mwanamume huchonga vigingi vya mti, akavipigilia kimoja baada ya kingine katika shina hilo laini na kupanda juu yake kama ngazi, huku akibeba kienge kinachofuka moshi wa kuwalegeza nyuki. Akiufikia, hupanua tundu kwa shoka na kutoa masega, ambayo huliwa pamoja na majana, yaani nyuki wachanga ambao bado hawajaota mabawa na ambao wana mafuta na protini. Sehemu huliwa papo hapo chini ya mti na sehemu hupelekwa kambini. Mtu aliyepata mzinga mkubwa hali asali kwa kiasi. Hula mpaka atosheke, na katika majira ya asali nyingi chakula hicho hutoa sehemu kubwa ya nishati ya mwili, hasa kwa wanaume. Hana ruhusa ya asali kwa sababu hana katazo la asali, na hana katazo kwa sababu mbuyu wenye nyuki haupatikani kila siku. Uhaba ndio unaofanya kazi ambayo mjini hufanywa na nidhamu, na huenda hili ndilo jambo ambalo orodha za vyakula haziwezi kuliiga hata zikiandikwa upya mara ngapi.

Mizizi nayo hupunguza shauku ya anayetaka kuwafanya watu hawa kielelezo. Wanawake huichimba kwa miti iliyochongwa ncha, huichoma kidogo motoni, kisha kila mmoja hutafuna kipande chake, akafyonza majimaji na wanga, akatema makapi yenye nyuzi ngumu. Hakuna mgahawa wa California unaouza kitu hicho. Isitoshe, Wahadzabe hubadilishana asali na nyama kwa mahindi na tumbaku kutoka kwa majirani zao wakulima na wafugaji, na unga wa mahindi umekuwa sehemu ya chakula cha kambi nyingi. Ni watu wa karne hii, wenye majirani na mashauri ya ardhi, na mahindi wanayokula si kosa dhidi ya mlo wao, ila ni chakula kilichopatikana.

Kuhusu mababu wenyewe, udongo unaendelea kutoa ushahidi usiopendeza kwa wenye msimamo mkali. Katika pango la Ngalue, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, Julio Mercader alikuta chembe za wanga wa mtama pori juu ya zana za mawe zilizo na umri unaofika miaka 100,000 na zaidi. Alipotangaza matokeo hayo mwaka 2009 baadhi ya wenzake walihoji kama mtama huo uliliwa au ulitumika kwa kazi nyingine, na mjadala huo ni wa haki. Hakuna mjadala wa namna hiyo kuhusu Ohalo, kando ya Ziwa la Galilaya, ambako miaka 23,000 iliyopita watu walikusanya na kusaga shayiri pori, wala kuhusu mabaki ya mkate yaliyotangazwa mwaka 2018 kutoka kaskazini mashariki mwa Jordan, ambayo yalikuwa yameungua katika mahali pa moto pa wawindaji miaka 14,000 na zaidi iliyopita, yapata miaka 4,000 kabla ya kilimo. Kwa ushahidi huo, mfuasi wa paleo anayejiruhusu mkate siku ya arusi ya dada yake hajatoka nje ya Zama za Mawe hata kidogo.

Biashara iliona mapema kwamba ruhusa ina soko kuliko katazo. Biskuti za unga wa lozi, mkate wa unga wa nazi, vipande vya muhogo vya kukaanga na mchuzi wa saladi usio na mafuta ya soya hujaza rafu, vyote vikiwa na neno paleo usoni, na kila kimoja ni ukiukaji uliosafishwa jina. Kampuni ya Primal Kitchen, iliyoanzishwa na Sisson na iliyopata umaarufu kwa mayonezi ya mafuta ya parachichi, ilinunuliwa na Kraft Heinz kwa makubaliano ya dola milioni 200 yaliyotangazwa mwaka 2018. Hakuna aliyedanganywa katika mauzo hayo, na mayonezi hayo huenda ni bora kuliko mengi. Lakini biskuti ya lozi ina hatari ambayo mkate wa kawaida hauna, kwa kuwa mlaji haioni kuwa ruhusa, na kwa hiyo haihesabu.

Swali linalobaki ni kama ruhusa humsaidia mtu kudumu au humporomosha. Waswahili wana msimamo wao wa zamani kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, na saikolojia ina jaribio moja mashuhuri linaloelekea huko. Mwaka 1975 C. Peter Herman na Deborah Mack waliwapa baadhi ya wanawake vinywaji vizito vya maziwa na sukari, kisha wakawaambia waonje aiskrimu na kula kadiri wapendavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima, wakishakunywa, walikula aiskrimu kidogo, kwa kuwa walikuwa wameshiba. Wenye mazoea ya kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa, walikula zaidi kuliko wenzao wa namna hiyo ambao hawakupewa kinywaji. Herman pamoja na Janet Polivy waliiendeleza hoja hiyo, na hali yenyewe inaweza kuitwa ya liwalo na liwe, kwamba mtu akishaamini siku imeharibika huona hakuna tena cha kulinda.

Lakini wanawake wale hawakuwa wamepanga kunywa, kinywaji kiliwaangukia. Mwaka 2016 Rita Coelho do Vale wa Lisbon, pamoja na Rik Pieters na Marcel Zeelenberg wa Tilburg nchini Uholanzi, walitoa matokeo yanayoonyesha kwamba anayepanga mapema mahali pa kulegeza, yaani anayeingiza ukiukaji ndani ya mpango wenyewe, hubaki na nguvu za kujizuia na hamu ya kuendelea kuliko anayejibana bila nafasi. Hapo milo huru ya Cordain hupata utetezi ambao mababu hawakuweza kuutoa. Mlo wa Ijumaa jioni uliojulikana tangu Jumatatu, unaoliwa mezani na watu wengine na unaoisha sahani ikiisha, si kitu kimoja na robo ya keki iliyoliwa kwa kusimama mbele ya jokofu usiku wa manane, hata kama mizani itazihesabu kalori zake sawa.

Kuna pia wale ambao ruhusa si yao kuitoa, na mara nyingi husahauliwa katika mazungumzo haya kwa kuwa wanakaa meza moja na wanaojaribu mlo kwa hiari. Mgonjwa wa siliaki, ambaye kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo inapokutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hawezi kuwa na mlo huru wa ngano hata mmoja kwa mwaka; utafiti uliochapishwa na Carlo Catassi na wenzake mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku zinatosha kuudhuru utumbo huo, na kipande kimoja cha mkate kina miligramu elfu mbili na zaidi. Asiyemudu laktosi yuko mahali tofauti kabisa, kwa maana wengi wao huweza kunywa kikombe cha maziwa bila taabu, na mtindi au jibini gumu huwasumbua kwa kiasi kidogo hata kuliko maziwa hayo. Anayetumia insulini naye, akiisha kukaa majuma kadhaa bila wanga kisha akajiruhusu sahani ya wali, hubadilisha hesabu ya dawa yake na si ya mlo tu, na daktari wake anapaswa kujua siku hiyo kabla haijafika. Mpishi wa mgahawa anayeambiwa na wateja watatu kwa usiku mmoja kwamba hawali ngano, kisha akawaona wawili wakiagiza keki baada ya chakula, ndiye atakayeamua kama kikaango cha mteja wa tatu kinahitaji kuoshwa.